Tangu Nilipoliinua Lile Sanduku

Jumapili, 9 Julai 1905

Siku ya sita chali. Naandika nimelishika daftari juu ya uso, mkono unachoka. Afadhali hivi kuliko kuhesabu fito za paa — nimeshazihesabu.

Niandike ilivyokuwa, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Mke wangu Mwanamkasi nimemwambia niliamriwa. Sikuamriwa. Jumatatu askari walileta masanduku ya risasi kutoka Kilosa. Sanduku moja, watu wawili, ndivyo yanavyobebwa siku zote. Wapagazi walikuwa hoi, wamekaa chini mbele ya boma. Ombasha Farjala, mkubwa wa askari wetu hapa Ifakara, akasema kwa dhihaka: huyu mtu wa Bagamoyo si ndiye anayejisifu alibeba pembe ya ndovu toka Tabora hadi pwani bila kupokewa? Watu wakacheka. Nami — mjinga mimi! — nikainama nikalikamata sanduku peke yangu.

Likafika magotini. Likafika tumboni. Nikajipinda ili nilitupe begani. Ndipo kitu kikakatika kiunoni. Sauti yake niliisikia mwenyewe, kavu, kama muwa unavunjwa. Nikaanguka juu ya sanduku. Watu waliendelea kucheka kidogo. Walidhani bado ni mchezo.

Nina miaka thelathini na minane. Ishirini ya hiyo ni ya kubeba mizigo.

Jumatano, 12 Julai

Kukohoa — kisu. Chafya hata sithubutu kuifikiria. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita tako la kushoto, yanashuka nyuma ya paja hadi kisiginoni. Vidole viwili vya mguu huo vimekufa ganzi.

Mwanamkasi anapasha mchanga na chumvi, anaufunga kwenye kaniki, ananikanda. Halafu mafuta ya nyonyo. Leo alikaa miguuni pangu akauliza: nikikufinya hapa unasikia? Nikasema ndiyo, nasikia vizuri. Nilipoinua kichwa nikaona mikono yake iko magotini pake. Alikuwa hajanigusa.

Ninaogopa. Haya, nimeandika.

Ijumaa, 14 Julai

Adhana nimeisikia nikiwa kitandani. Ijumaa ya pili naikosa.

Baada ya sala akaja Muhidin, mwenye duka. Mtu wa Kilwa. Miaka saba sasa mimi ni mnyapara wa wapagazi wake, hao hao wanaobebea boma — yeye ndiye alinipa kazi nilipochoka na misafara ya mbali, na yeye ndiye alisimama badala ya baba yangu nilipomwoa Mwanamkasi. Kaleta tende. Aliongea habari za mpunga, habari za mto kupungua, habari za tembo walioharibu mashamba upande wa Mngeta. Nikajua tu kuna neno analizunguka. Mwisho akasema, huku akitazama mlango: ombasha anasema unajisingizia ugonjwa.

Najisingizia! Mimi!

Anakuja Jumapili kuona kwa macho yake.

Jumapili, 16 Julai

Kaja. Yeye na askari wawili. Mwanamkasi alimwamkia, hakuitikia.

Akasema: simama. Nikasimama kwa kuning'inia kwenye nguzo, mwili umepinda upande mmoja. Akapita nyuma yangu. Nikaisikia ncha ya kiboko chake ikitembea taratibu juu ya uti wa mgongo, inatafuta. Ikapata mahali penyewe. Akabonyeza.

Nililia kwa sauti. Mke wangu ananitazama.

Akasema tarehe mosi Agosti niwe bomani, kwa miguu yangu, nipange mizigo kama wenzangu. Nisipofika, viboko ishirini na tano. Mwanamkasi akamwambia: baba, mtu huyu mgongo wake umevunjika. Ombasha akajibu kwamba basi viboko vitaunyoosha.

Siku kumi na sita.

Jumatatu, 17 Julai

Leo kaja Marselino, mtani wangu. Mndamba, mvushaji wa kivukoni. Miaka mitatu nyuma mapadre wa Kwiro walimbatiza, ana medali shingoni na anapenda itazamwe. Tulianza kutaniana siku ya kwanza niliyopakia mzigo kwenye mtumbwi wake, naye akasema watu wa pwani wanapanda mtumbwi kama mbuzi. Leo hakutania. Alisimama mlangoni akanusa.

"Nyumba inanuka mgonjwa," akasema. "Nani kakwambia ulale?"

Nikamwambia mgongo umekatika. Akasema ungekatika ningekuwa siwezi hata kukojoa. Baba yake alitupwa na kiboko — kiboko mnyama, wa mtoni — akaanguka juu ya jiwe. Wakamlaza miezi miwili akawa anakauka. Babu yake akamtoa nje kwa nguvu na kumfundisha upya kama mtoto. Alisukuma mtumbwi kwa upondo miaka kumi na miwili baada ya hapo.

Akanibonyeza tumbo kwa vidole viwili. "Mikono unayo. Mapaja unayo. Hapa katikati hamna kitu, ni uji. Sisi wavushaji nguvu yetu iko hapa. Mtu anayesimama kwenye mtumbwi siku nzima hasimami kwa miguu."

Somo la kwanza: chali, magoti juu. Vuta pumzi, itoe, kaza tumbo kama mtu anayesubiri ngumi, gandamiza kiuno kwenye mkeka. Shikilia. Hesabu kumi. Achia.

Niliweza hadi nne. Jasho likanitoka kama nimepanda mlima!

Alhamisi, 20 Julai

Kumi! Mara tatu asubuhi, mara tatu mchana.

Nahesabu kijeshi, kama askari kwenye gwaride: ainsi, tswai, drai. Nilizoea bomani. Inanipa nguvu, sijui kwa nini.

Somo la pili: kupiga magoti na viganja chini, kama mnyama. Nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, mwili usiyumbe. Marselino aliniwekea kibuyu cha maji mgongoni. Kikamwagika. Akakijaza tena. Kikamwagika tena. Mwanamkasi alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, kisha akaona uso wangu akaacha.

Mguu wa kushoto ukinyooshwa unatetemeka wenyewe. Siutumi mimi. Siupendi mtetemeko ule.

Jumanne, 25 Julai

Mwanamkasi kanikataza kuhesabu Kijerumani.

Sikuelewa. Akafunga mlango kwanza. Mama yake alikuwa Mndamba wa hapa hapa, kwa hiyo yeye husikia wanayosema wanawake kisimani — wakiona mimi nipo hubadili maneno, yeye wamezoea kumsahau. Wanasema kuna mganga upande wa mashariki, mbali, kwenye maporomoko ya mto mkubwa. Ana dawa. Ni maji. Ukinywa, ukapakwa, risasi ya Mdachi ikikupiga inageuka maji. Watu wanakwenda kwa makundi kuyachukua. Wamechoka na kodi, wamechoka na kulimishwa pamba ya akida, wamechoka na viboko.

Nikasema maneno ya kisimani hayo. Akasema: jirani yetu ameacha kunisalimia tangu juzi. Hesabu Kiswahili. Au hesabu moyoni.

Nimehesabu moyoni. Nimepoteza hesabu mara mbili.

Jumapili, 30 Julai

Leo nimetoka. Mwendo wa kwenda mtoni niliufanya kwa fimbo, nikipumzika mara nyingi mno. Zamani niliufanya na gunia la mpunga kichwani nikiimba.

Mto umeshuka, michanga iko nje. Marselino alinikalisha katikati ya mtumbwi, hakuna kuegemea. Akasema: wewe kazi yako ni kukaa wima tu. Akasukuma. Mtumbwi unayumba, tumbo linakaza lenyewe, mgongo unajifunza — ndivyo alivyosema, unajifunza. Tulizunguka kisiwa kidogo cha matete. Kiuno kiliwaka moto lakini hakikukatika.

Halafu akanipa upondo. Nisimame! Nikasimama. Pumzi tatu. Nikakaa.

Tulipokuwa katikati ya maji aliuliza bila kunitazama: bomani wana risasi nyingi? Nikasema wewe uliona, mimi nilivunjwa na sanduku moja tu. Akacheka. Nami nikacheka. Sasa niko nyumbani na sicheki. Kwa nini aliuliza?

Jumanne, 1 Agosti

Nilifika bomani kwa miguu yangu.

Mwanamkasi alinifunga kaniki kiunoni, imebana sana, ndani ya kanzu isionekane. Njia nzima niliwaza kitu kimoja: akiniambia niinue sanduku, nifanye nini? Niinue nivunjike, au nikatae nichapwe?

Ombasha hata hakunikumbuka vizuri! Alikuwa anazozana na askari wake. Ua wa miiba unaongezwa kimo, wanachimba handaki upande wa kaskazini. Alinitazama juu mpaka chini akasema: kaa langoni, uwahimize wanaoleta miiba. Basi. Nilikaa langoni mpaka alasiri.

Nilipaswa kufurahi. Lakini boma lenye watu kumi na wawili wenye bunduki linachimba handaki — nao wanaogopa nini?

Jumapili, 6 Agosti

Habari zimefika na mjumbe wa Kilosa: huko Umatumbi watu wameng'oa pamba, wameua. Muhidin kafunga duka. Anahamishia vitambaa na chumvi ndani ya boma, na yeye mwenyewe atalala huko. Ananisihi niende na mke wangu.

"Bwanaheri, mwanangu, sisi ni watu wa pwani," akasema. "Wakianza hawatauliza nani mkubwa nani mpagazi."

Nikasema nitafikiri. Mwanamkasi hataki. Anasema ndani ya ua ule hakuna mlango wa pili.

Mazoezi: nimejilaza kifudifudi, nikajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili wote umenyooka kama ubao. Hesabu ishirini. Wiki mbili zilizopita nisingeweza mbili. Ajabu, mwili unapona wakati kila kitu kingine kinaugua.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimefunga mlango kabla ya kuandika.

Marselino kaja saa ya jua kali, watu wakiwa ndani. Amefunga bua la mtama kipajini. Na medali bado iko shingoni! Nilitazama bua, nikatazama medali. Akaona.

"Nimekunywa," akasema. "Kijiji kizima tumekunywa. Hongo, mjumbe wa dawa, alifika Jumatatu. Asiyekunywa anahesabiwa mtu wa Mdachi."

Nikamuuliza unaamini? Alisema mwaka jana ndugu yake mdogo alichapwa pale bomani kwa ajili ya kodi, akafa siku ya tatu, na mapadre walimwambia asamehe. Alijaribu. Akasema: labda ni maji tu. Lakini ni mara ya kwanza watu wote wameshika kitu kimoja.

Kisha akasema alichokuja kusema. Kabla ya Alhamisi ijayo nisiwe bomani. Wala hapa nyumbani. Mtumbwi wake mdogo ameuficha kwenye matete, chini ya kivuko, penye mkuyu ulioanguka. Nimchukue mke wangu tukae humo. Yeye akitoka salama atatupeleka juu, kwenye kambi za wavuvi wa ukoo wake. Wanamsikiliza.

"Na Muhidin?" nikauliza.

Akasimama akaondoka.

Jumamosi, 12 Agosti

Sijala tangu juzi.

Nikimwambia ombasha, atamnyonga Marselino kesho asubuhi, naye ndiye aliyenifundisha kusimama. Nisiposema, Muhidin yumo ndani ya ua wa miiba. Na askari — ndiyo, wabaya, lakini wawili wao wana wake na watoto wachanga humo ndani. Nimewaona watoto hao wakicheza na maganda ya risasi.

Mwanamkasi anasema: mwambie Muhidin peke yake, usitaje jina, usitaje siku. Nami naona kama nimebeba sanduku jingine, nalo halishikiki popote.

Nimejaribu kufanya mazoezi. Mwili umekakamaa kwa hofu, hautii. Nimelala chali nimegandamiza kiuno kwenye mkeka nikajikuta nalia.

Jumatatu, 14 Agosti

Nilikwenda kwa Muhidin. Yuko ndani ya boma, ametandika busati kati ya marobota ya vitambaa kama sultani. Nilimwambia kwa sauti ndogo: mzee, ondoka leo, nenda Kilosa. Akauliza nani kaniambia. Nikasema hakuna, moyo tu. Akatabasamu. Akasema ukuta wa miiba, bunduki kumi na mbili, hao wana mikuki na maji. Akanishika mkono akasema mimi ndiye niliyeugua, hofu yangu ni ya mgonjwa.

Nilipogeuka, ombasha alikuwa nyuma yangu.

"Moyo wako ulikwambia nini?" akauliza.

Sikumbuki niliyojibu. Nadhani nilisema habari za kisimani. Alinitazama sana. Hakunipiga, na hilo ndilo linalonitisha. Akasema kuanzia kesho jioni mimi na mke wangu tutalala bomani, ataleta askari atuchukue. Akanishika bega akalibonyeza polepole. Amejua kuwa najua.

Muhidin aliinamisha kichwa. Labda ndiye aliyemwomba tulale bomani, akidhani ananiokoa.

Jumanne, 15 Agosti

Tumeondoka mchana, kama watu wanaokwenda shamba.

Mwanamkasi kabeba kila kitu: unga, chungu, mkeka, blanketi, panga. Mimi fimbo tu na daftari hili ndani ya kaniki. Wanawake njiani walitutazama — mke amelemewa, mume mikono mitupu. Mmoja alisema neno kwa Kindamba, wenzake wakacheka. Nilimuuliza Mwanamkasi amesema nini. Akasema: wamecheka, basi ni vizuri, mtu anayekucheka hajakushuku.

Mtumbwi upo kweli. Penye mkuyu, kama alivyosema. Tumejipenyeza ndani ya matete. Maji yananuka tope na samaki. Hatuwashi moto. Unga tunaula mkavu na maji.

Sikumuaga Muhidin.

Alhamisi, 17 Agosti

Niandike taratibu. Niandike kwa utaratibu, kila kitu mahali pake.

Jana asubuhi ngoma. Halafu sauti za watu, wengi mno, kama mvua inakuja juu ya nyasi. Halafu bunduki. Mwanamkasi alinishika mkono, kila mlio anaubana. Bunduki zilipiga, zikapiga, zikapungua. Moja. Kimya. Moja tena, mbali. Kisha moshi mweusi juu ya miti upande wa boma, na vigelegele.

Boma limeanguka. Bunduki kumi na mbili na ua wa miiba.

Leo asubuhi tulisikia matete yakivunjika. Mwanamkasi alishika panga. Alikuwa Marselino, anatambaa. Risasi imeingia pajani juu, karibu na nyonga, haikutoka. Bua la mtama halipo kipajini. Alituona akaweka uso kwenye tope. Akasema: haikugeuka, mtani. Haikugeuka maji.

Nikamuuliza Muhidin yuko wapi.

Alifumba macho. "Alikuwa langoni. Alikuwa ameshika msahafu. Usiniulize."

"Wewe ulikuwepo?"

"Tulikuwa wengi. Usiniulize, nakuomba."

Nilisimama pale. Naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma: nilifikiri kumwacha. Nilimwona Muhidin na tende zake. Nilimwona anatazama mlango badala ya kunitazama mimi. Nilihesabu — ainsi, tswai, drai — sijui nilikuwa nahesabu nini. Watu walikuwa wanapita kule juu ya ukingo, tunawasikia. Mtumbwi ulikuwa hatua kumi kutoka alipolala, tope hadi magotini, na Marselino ni mtu mzito, mzito kuliko sanduku lile. Mwanamkasi akasema: mimi miguu, wewe mabega. Kisha akasema: au tumwache. Sema wewe.

Nikachuchumaa. Sikuinama, nilichuchumaa. Nikamvuta karibu kabisa na kifua changu. Nikatoa pumzi, nikakaza tumbo mpaka nikaona nyota. Nikasema: haya!

Akainuka! Hatua ya kwanza, ya pili. Mgongo umeshika. Tano. Sita. Hatua ya saba mguu wa kushoto ukazama kwenye shimo, mwili ukapinda, na nikasikia ule moto ukishuka nyuma ya paja hadi kisiginoni. Sikumwachia. Sijui jinsi gani. Tulimwingiza mtumbwini nikaangukia humo humo, juu ya miguu yake, naye akapiga ukelele mmoja akazimia.

Mwanamkasi ndiye aliyesukuma upondo. Amezaliwa kwenye mto huu lakini hajashika upondo tangu utoto. Tulikwenda tukigonga mchanga, tukizunguka, tukijificha penye matete mengi. Jua likituwakia. Viboko wawili wa mtoni walituangalia, masikio tu na macho.

Kutoka kiunoni kwenda chini kumekufa ganzi. Vidole si viwili tena. Ni mguu mzima wa kushoto.

Ijumaa, 18 Agosti

Tumesimama kwenye mchanga tangu jua lichomoze, Mwanamkasi ameishiwa nguvu, viganja vyake vimechubuka vyote. Marselino anawaka homa. Anaongea na ndugu yake aliyekufa. Nimemfunga jeraha kwa ile kaniki yangu ya kiunoni. Nimelala karibu naye kando ya mtumbwi, tunatazama mbingu kama watoto wawili waliolazwa mchana.

Nimejaribu zoezi la kwanza kabisa. Magoti juu. Goti la kulia limekuja. La kushoto nimelivuta kwa mikono. Kaza, gandamiza, hesabu. Nimefika sita. Baada ya hapo sikuhesabu tena.

Marselino alipata fahamu kidogo, akauliza uko sawa? Nikasema niko sawa. Akasema: uongo. Nilitaka kumuuliza tena habari za langoni. Sikumuuliza. Nitamuuliza akipona. Au sitamuuliza.

Saa hizi hizi — watu. Ng'ambo, kwenye ukingo wa kusini. Naandika nimelala, daftari juu ya kifua, ili mikono iwe na kazi.

Wameita kwa Kindamba. Mwanamkasi amesimama, amejibu. Ananieleza chini kwa chini bila kugeuza kichwa: wanauliza sisi ni watu wa nani. Amewatajia ukoo wa mama yake. Amewaambia ana mtu aliyepigwa vitani, mtu aliyekunywa dawa, Marselino mvushaji. Wamefurahi, wanamjua. Si wale wavuvi tunaowatafuta, lakini wanamjua.

Wameuliza huyo mwingine ni nani.

Amesema ni mume wake.

Wameuliza kwa nini amelala, naye amepigwa? Kama amepigwa vitani aonyeshe jeraha. Kama hakupigwa, asimame waone ni nani.

Marselino nimemtikisa, aseme neno moja tu kwa niaba yangu. Macho yake yako wazi, hayaoni. Anamwita ndugu yake.

Wanasukuma mtumbwi wao majini. Nausikia ukikwaruza mchanga. Wanne, anasema Mwanamkasi, wana mikuki, na mmoja ana bunduki ya askari. Anasema nifiche daftari. Anasema nianze sasa, polepole, ili watakapofika niwe wima.

Nimegeuka kifudifudi. Viganja chini. Goti la kulia chini yangu. La kushoto